Maboksi 11 ya katuni za mzee wa Tanga: tulivyofikia uamuzi

Kisa kilianza na voisi noti ya dakika tatu. Dada mmoja, mtoto wa pili wa mzee, ananiambia baba yao anahama Tanga anaenda kukaa nae Dodoma, nyumba ya Ngamiani ishapata mnunuzi, na chumba cha uani kimejaa magazeti ya katuni ambayo mzee kayakusanya tangu yuko shule mpaka kastaafu reli. Kaka yao mkubwa anataka yauzwe kwa wapima kilo. Mdogo wao wa mwisho anasema asiguse mtu, kaona kwenye simu kitabu cha Superman kimeuzwa mabilioni. Yeye dada anataka mtu ambae sio ndugu aje aangalie kwanza. Mimi nauza vitabu vya mtumba, huwa naitwa kwenye mambo haya, na kawaida naitwa nikiwa nimeshachelewa, mzee keshazikwa na maboksi yashanyeshewa. Safari hii mwenyewe alikuwa hai na ana msimamo wake, ndo maana nakiandika kwa urefu.

Nilifika Jumamosi asubuhi. Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu, wewe ndo wa vitabu? Sema kabisa, umekuja kununua au kuangalia? Nikamwambia nimekuja kuhesabu, kununua tutaongea baadae na nikitaka kununua nitasema mbele ya watoto wako. Akacheka, akaagiza kahawa.

Kuhesabu kulinichukua siku mbili. Maboksi 11 ya makatoni pamoja na tranka moja la bati la enzi za shule ya bweni. Jumla nakala 1,047. Zile zilizojirudia nilizitoa pembeni kwanza, zikafika 190. Zilizobaki: African Film 71, magazeti ya Kiswahili 640, ya Kenya 52, na za Kimarekani 94. Halafu kaunta buku nne ambazo sikuziingiza kwenye hesabu, nitazirudia, maana hizo ndo zilitaka kugombanisha nyumba.

African Film kwa wasiozijua ni zile hadithi za picha, sio za kuchora, ni watu wamepigwa picha kweli afu maneno yamewekwa kwenye viputo, shujaa ni Lance Spearman mwenye kofia na suti, wenyewe wakimwita Spear tu, zilitolewa na kampuni ya Drum. Zilikuwa za Kiingereza na mzee anasema Kiingereza chake chote kimetoka humo, mwalimu alikuwa anashangaa mtoto wa darasa la saba anajua kusema mikono juu lakini hajui kuomba ruhusa ya kwenda chooni.

Hizo 640 za Kiswahili ndo moyo wa mzigo. Nyingi ni Sani, jina lenyewe limetokana na waanzilishi wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, SA ya mmoja na NI ya mwingine. Humo ndo wanaishi kina Lodi Lofa na Ndumilakuwili, na Madenge ambae kila mtoto mtukutu wa miaka ile alibandikwa jina lake. Kuna zile alizochora Philip Ndunguru ambae alifariki 1986 akiwa bado kijana kabisa, mzee kaziwekea alama ya kalamu nyekundu kwenye kona ya jalada, na nilipomuuliza akasema alama aliziweka wiki ile ile alivyosikia. Baada ya hapo zinafuata za miaka ya 90 magazeti yalivyofumuka kila kona, na zile za katuni ya Kingo ya James Gayo zikiwa kwenye hali nzuri kuliko zote kwa sababu karatasi yake ilikuwa bora.

Za Kenya nyingi ni Joe, lile jarida la Hilary Ng'weno na Terry Hirst lililoanza 1973. Mzee alikuwa anazipata kwa mfanyakazi mwenzie wa upande wa Voi, treni ikija inakuja nayo. Ukizipanga kwa tarehe zinakwenda vizuri tu afu mwanzoni mwa 1977 zinakata, ghafla, hamna hata moja mbele yake ingawa jarida lenyewe liliendelea kutoka. Nikadhani zimepotea. Mzee akaniangalia kama naongea upuuzi. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa, akasema, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikufa, wewe ulitaka nizipate na nini, njiwa?

Sasa hilo pengo ni la kuangalia. Ukiuza zile Joe moja moja kwa wateja tofauti, pengo linapotea. Zikikaa pamoja mtu yeyote anaezipanga mezani anaona mpaka ulivyofungwa bila kusoma kitabu cha historia. Nilianza kuelewa kwamba huu mzigo una vitu vinavyoonekana ukiwa mzima tu, lakini pia una vitu ambavyo vimo humo kwa bahati mbaya na vinaweza kutoka bila kuumiza chochote. Kwaiyo swali la watoto, tuuze au tusiuze, lilikuwa limekosewa toka mwanzo, kwa sababu walikuwa wanaongelea rundo kama kitu kimoja.

Tuanze na boksi la Kimarekani maana ndo lilikuwa na kelele. Lilitoka kwa shemeji yake mzee, baharia, alileta zote kwa mkupuo katikati ya miaka ya 90. Zote za 1991 mpaka 1994. Mle ndani X-Men namba 1 ya 1991 na Superman namba 75 ile ya kufa kwake, bado imo ndani ya mfuko wake mweusi haijafunguliwa. Yule mdogo wao akaishika kama anashika mayai. Nikamwonea huruma kiukweli. Habari aliyoisoma ni ya kweli, Action Comics namba 1 ya 1938, ndimo Superman alipoanzia, iliyouzwa senti 10, nakala moja ilienda dola milioni 3.2 eBay mwaka 2014 na nyingine milioni 6 mwaka 2024. Lakini bei hiyo imekuja kwa sababu 1938 hamna mtu aliyeona haja ya kuitunza, watoto walizichana, na kwenye vita vya pili Wamarekani wakakusanya makaratasi ya majumbani yakasagwe upya, zikaishia huko. Ile X-Men ya 1991 iliuzwa zaidi ya milioni 8, na walionunua wengi wao walinunua ili waitunze waje wawe matajiri. Kitu ambacho mamilioni ya watu wamekiweka vizuri kikisubiri kupanda bei, kitapanda na nini sasa? Superman ya mfuko mweusi hivyohivyo, ilichapwa kwa mamilioni.

Afu pembeni yake kuna Sani ambayo ilichapwa kwenye karatasi ya gazeti, ikasomwa na mtaa mzima mpaka ikalegea, ikaishia kufungia karanga. Nani alitunza? Hiyo ndo iliyopitia njia ya ile ya 1938. Ila hapa nilimwambia yule kijana asishangilie mapema, kitu kuwa adimu hakumaanishi kina bei, bei inaletwa na wanunuzi wawili wanaogombania, na kwa Sani za zamani mimi nina wateja labda watano, na wawili kati yao wananidai.

Hesabu ya kaka mkubwa nayo niliifanya, sikutaka ionekane nampuuza. Mzigo wote ni kilo mia moja na kidogo. Wale wa magazeti ya kufungia walitaja 1,500 kwa kilo. Yaani miaka hamsini ya mtu inakuja laki na nusu, ukitoa kirikuu cha kubebea inabaki laki na kitu. Kaka mwenyewe aliposikia hiyo namba kwa sauti alinyamaza. Lakini hoja yake ya pili ilikuwa nzito, na sikuitegemea: akasema hii ni mirathi yetu, huyu mzee hawezi kuamka tu akagawa mali kwa watu baki.

Wao ni Waislamu, wakaita sheikh wa mtaani ambae ni rafiki wa mzee, na akaeleza kwa dakika tano kitu ambacho kingetuchukua wiki. Mirathi inakuja mtu akishafariki. Akiacha wasia, hauvuki theluthi moja ya mali yake. Lakini akiwa hai, ana akili timamu na hayuko kwenye maradhi ya kifo, anaweza kutoa hiba, yaani zawadi, na hiba inatimia kwa kukabidhi, sio kwa kusema. Yaani mzee akisema magazeti haya nimeipa maktaba afu yakabaki chumba cha uani mpaka anafariki, itakuwa mjadala. Akiyakabidhi, yameenda. Kaka akauliza na kama anampa mtoto mmoja tu? Sheikh akasema hapo aangalie uadilifu kati ya watoto, akamgeukia mzee, mzee akaangalia pembeni. Nikajua kuna kitu.

Kitu chenyewe ni zile kaunta buku. Mzee tangu 1967 alikuwa anakata Chakubanga, yule mhusika wa katuni wa Christian Gregory, kwenye gazeti la Uhuru anambandika kwenye kaunta buku kwa gundi ya unga wa muhogo, tarehe kaandika chini kwa mwandiko wa penseli. Buku nne zimejaa. Gundi ya unga ndo karamu ya mende, na buku ya pili ukiifungua inatoa ile vumbi ya njano na kuna kurasa zimebaki kama kitambaa cha vitobo, Chakubanga ana mwili hana kichwa, ukurasa unaofuata kichwa kipo peke yake. Hizo alikuwa ameshamwahidi kimyakimya yule binti wa Dodoma, na wenzie hawajui.

Basi baada ya mwezi wa kwenda na kurudi, njia zilizokuwa mezani zilikuwa hivi. Kumuuzia mtu mmoja zote, na kweli alijitokeza mkusanyaji kutoka nje akataka Spear na Sani za mwanzo tu, achague mwenyewe, pesa nzuri, lakini angeacha mabaki ambayo hayana kichwa wala miguu. Kuwapa watoto wagawane, watoto watatu, mikoa mitatu, hapo ni kama kuchoma moto polepole. Kuskani zote na kuweka mtandaoni, hilo yule mdogo alilipenda sana, na mimi ndo nilimkatalia. Kumiliki gazeti sio kumiliki haki ya kazi iliyomo. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inailinda kazi maisha yote ya mwenye nayo na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwaiyo hata mchoraji aliyefariki 1986 kazi zake bado zina wenyewe, familia au mchapishaji. Skani za kutunza nyumbani na kwa mtafiti ni kitu kimoja, kuzimwaga mtandaoni bila kuwauliza wenyewe ni kitu kingine. Njia ya nne ni kuzipeleka taasisi.

Taasisi ya kwanza tuliyoifuata walikuwa wakarimu sana, leteni tu, wekeni pale kwenye korido. Nikauliza mtatupa orodha iliyosainiwa? Aah, kwani mnatudai? Tukaondoka. Sio kwamba ni watu wabaya, hawana chumba wala mtu wa kuorodhesha, na mzigo usioorodheshwa ukifika mahali pa namna hiyo mwaka mmoja mbele unakuta robo. Ya pili walichelewa kujibu wiki tatu, nikakata tamaa, afu wakajibu na maswali: nakala ngapi, za miaka gani, kuna wadudu? Hilo swali la wadudu ndo lilinifanya niwaamini.

Maana wadudu walikuwepo. Katika zile 640, nakala 118 zilikuwa zimeliwa, mchwa walipanda ukutani wakaingia kwa chini ya boksi lililowekwa moja kwa moja sakafuni, wamechimba tundu moja lililonyooka kupita magazeti kama 30, ukiyapanga unaweza kuchungulia kama darubini. Pini nazo, hewa ya bahari ya Tanga imezifanya kutu na kutu imekula karatasi kuizunguka. Hapa na mimi nilifanya kosa langu. Nilitaka kuonekana fundi, nikachukua nakala 40 nzuri nikazitia kwenye mifuko ya nailoni nikaziba na selotepu, nikaondoka. Niliporudi baada ya wiki tatu zote zina ukungu, kwa sababu karatasi ilikuwa na unyevu wa Tanga na mimi nikaufungia ndani. Mzee hakusema neno, alitoa tu moja akaipepea juani, akanipa. Bora angenitukana.

Tulichofanya baadae ni hivi: kwanza zikaushwe kivulini na feni siku kadhaa, sio juani. Afu za kuua wadudu zinafungwa ndani ya nailoni na kuingizwa friza wiki mbili, za kutosha kufa mayai, na zikitoka hazifunguliwi mpaka zirudi joto la kawaida la chumba la sivyo zinatoa jasho. Friza ilikuwa ya jirani muuza samaki, ilibidi tusubiri msimu hauna samaki, na Lodi Lofa akalala juu ya kibua wiki mbili. Baada ya hapo maboksi ya karatasi yenye matundu, juu ya mbao, mbali na ukuta. Sio kiwango cha makumbusho lakini yamekaa.

Sasa mzee mwenyewe anataka nini? Siku zote hizo kila mtu alikuwa anamwongelea. Yeye jibu lake lilikuwa moja, ziwe pamoja, na nikizitaka nizione. Nikamuuliza mara ya mwisho umesoma lini. Akakaa kimya. Binti yake ndo akasema, ana mtoto wa jicho, miaka mitatu hajasoma kitu. Alikuwa anaingia chumba cha uani kila jioni anakaa tu, wote wakadhani anasoma.

Kesho yake nikamwita mjukuu wake wa darasa la sita amsomee. Mtoto akafungua moja ya mwanzoni mwa miaka ya 80, akasoma maneno yote sawasawa, na hakucheka hata mara moja. Kuna mtu kasimama kwenye foleni, kaacha jiwe limshikie nafasi, anarudi anakuta jiwe limeshapewa sukari. Mtoto anauliza, babu, kwanini jiwe? Mzee akaanza. Duka la kaya, kadi, kilo moja ya sukari kwa nyumba nzima, ukienda haja unaacha jiwe au ndala na watu wanaliheshimu jiwe kuliko mtu, mwaka 83 waziri mkuu Sokoine anawashughulikia wahujumu uchumi na watu wanatupa mali usiku baharini. Mtoto akarudi kwenye picha akaiangalia upya, safari hii akacheka mpaka akakohoa. Na mimi nimekaa pale na simu mfukoni sikurekodi! Katuni ile bila mzee pembeni ilikuwa karatasi tu yenye mtu na jiwe. Tulikuwa tumebishana mwezi mzima kuhusu karatasi, wakati nusu ya mzigo ilikuwa kwenye kichwa cha mtu wa miaka 72 anaeelekea Dodoma.

Kuanzia hapo uamuzi ulikwenda haraka. Za Kimarekani 94 ziliuzwa kwa kikundi cha vijana wa Dar wanaozipenda kweli, wastani wa 4,000 moja, ikaja 376,000, na mdogo wao ndo aliyefanya biashara yote na akaifanya vizuri. Pesa ikaenda kwenye safari za hospitali ya macho. Zilizojirudia 190, kila mtoto alichagua 30, mimi nikanunua 60 kwa 1,000 kila moja mbele yao wote kama nilivyoahidi, na 40 zilizobaki zikaenda shule aliyosoma mzee, wazichane wenyewe. Zilizoliwa vibaya tulichomoa kurasa zinazosomeka tu.

Spear zote, Joe zote, na magazeti ya Kiswahili karibu yote yalikwenda ile taasisi ya pili, kwa barua ya zawadi ya kurasa mbili: orodha imeambatanishwa, zikae pamoja kwa jina la mkusanyaji, zisomwe na yeyote humohumo ndani, familia wapewe nakala za skani, na kama siku moja hawazitaki wawaite familia kabla ya kufanya lolote. Hicho kifungu cha mwisho ndo nilichokipigania zaidi. Kaka mkubwa alisaini kama shahidi, na yeye ndo alizikabidhi mkononi, boksi kwa boksi, anahesabu kwa sauti.

Mzee alibakiza 40 za kwake pamoja na tranka. Nikamwambia tu kwamba Dodoma kukavu, karatasi itakaa kuliko ilivyokaa Ngamiani, akasema angalau mtu mmoja kwenye familia atafaidi hewa ya huko. Kaunta buku za Chakubanga hazikwenda popote. Alimkabidhi binti yake mbele ya wenzie, wakanuna siku nne, afu yule mdogo akaja na wazo wakazipiga picha ukurasa kwa ukurasa kila mtu akapata. Sio skani nzuri, kivuli cha kidole kinaonekana karibu kila picha, lakini zipo.

Jicho la kulia limeshafanyiwa, la kushoto bado. Kila Ijumaa baada ya swala mjukuu anapiga simu ya video na lile gazeti lake, binti anarekodi upande wa pili, wako namba 23 sasa. Mzee kaanza kusoma mwenyewe kwa jicho moja, na juzi alimkatisha mtoto katikati akamwambia hapo umeruka mstari.